Jeraha Lisilotoka kwa Jasho

Jumamosi ya tarehe 4 Machi 2023, waendesha boda wa steji, kituo cha pikipiki za abiria kilicho karibu na nyumba yangu, Kyebando, Kampala, walinicheka, na sikuwa na sababu ya kukasirika. Nilikuwa nimepaka jeraha la bandia kwenye paja la jirani yangu, Mkongo anayeuza vitenge, ili muuguzi mstaafu aliyekuwa akiwafundisha huduma ya kwanza awaonyeshe namna ya kuzuia damu. Tulikuwa katika uwanja wa kanisa usio na kivuli. Kabla muuguzi hajamaliza maelezo yake, rangi za mafuta nilizozitumia zilianza kuteremka pamoja na jasho, na damu niliyoipika kwa sukari ilikuwa imewaita nzi na nyuki.

"Mama, umepaka mutu jamu," alisema mmoja wao. "Mulete mukate."

"Na chai," mwingine akaongeza.

Mkongo alikuwa amelala chali akijifanya mahututi. Aliinua kichwa. "Mukate ukikuja, na miye munipatie. Niko hapa tangu asubui, hakuna mwenye alinipa hata maji."

Mtu mmoja tu hakucheka, mwenyekiti wa steji. Ni mzee wa makamo aliyejifunza Kiswahili jeshini na ambaye hukizungumza kwa kukikata vipande vipande, kama anayetoa amri. Alisubiri kicheko kiishe, kisha akaniambia kwa adabu, akiniita mama kwa Kiganda, "Nyabo, asante kwa kazi. Lakini sisi ajali tunajua. Mutu yetu akianguka, tunabeba. Hatuachi mutu chini."

Vijana wake waliitikia kwa vichwa, wakavaa kofia zao na kuwasha pikipiki. Somo likaishia hapo.

Msomaji asiyeishi Kampala huenda asielewe uzito wa maneno hayo. Steji ya boda ina heshima zake, na kubwa kuliko zote ni mwendo. Mtu akigongwa barabarani, iwe ni mwenzao, abiria au mpita njia wa mtaa wao, hawamwachi kwenye lami akizungukwa na watazamaji na vibaka. Humnyanyua mara moja, humketisha juu ya pikipiki katikati ya watu wawili, dereva mbele na mshikaji nyuma, na kukata foleni hadi hospitali. Steji husifiwa kwa hilo. Huwa wanasimuliana ni nani aliyemfikisha nani, na kwa njia gani ya mkato.

Marehemu mume wangu alifikishwa hivyo.

Ilikuwa jioni ya Jumamosi, tarehe 18 Oktoba 2014. Alikuwa akirudi kutoka karakana alikofanyia kazi ya ufundi wa malori, akitembea kando ya barabara, gari likamkwangua na bati lake likalichana paja la kushoto. Mwenyekiti wa steji, ambaye wakati huo alikuwa mwendeshaji kama wengine, ndiye aliyemnyanyua na kumkimbiza. Walifika hospitali kwa muda ambao gari la wagonjwa lisingeweza hata kuuota. Nilipofika mimi, daktari alinitoa nje ya wodi na kuniambia bila kuzunguka: "Mama, wamemleta haraka sana. Lakini njiani hakuna aliyeweka mkono juu ya jeraha. Amefika damu ikiwa karibu kwisha."

Kabla ya usiku kuingia nilikuwa mjane.

Siku ya kumsafirisha kwenda kwetu Kenya, pikipiki za steji nzima zililisindikiza gari la maiti hadi nje ya mji, zikiwa zimewasha taa, na mwenyekiti akiwa wa kwanza. Nilimshukuru kwa mkono. Maneno ya daktari sikumpa. Alikuwa amefanya lililo bora katika alilolijua, na mtu aliyekubebea mzigo wako kwa mikono yake humwambii siku ya mazishi kwamba aliubeba vibaya. Baada ya hapo miaka ilipita. Kila asubuhi alinisalimu kwa kuvua kofia, nami nikamjibu. Hakuwahi kuuliza, na mimi si mtu wa kumfuata mtu na habari asiyoiuliza.

Hata hivyo, ile Jumamosi ya kicheko nilirudi nyumbani nikiwa na jambo moja tu kichwani. Vijana wa steji wanafanya anachofanya mwenyekiti. Kama yeye hatapiga magoti na kukandamiza jeraha mbele yao, hakuna atakayepiga magoti, na mtu atakayefuata kugongwa Kyebando atapandishwa kwenye pikipiki akiwa wima huku damu ikimwagika njia nzima. Hawakukataa mafundisho. Walikataa jamu. Kosa la jamu lilikuwa langu, na la kusahihishwa lilikuwa hilo.

Niseme kidogo kuhusu kazi yangu, maana watu hunishangaa. Tangu 2009 nimekuwa nikipamba maharusi katika saluni moja ya Nateete. Nilishika brashi na poda nikiwa na elimu ya darasa la saba tu. Februari 2015, nikiwa na miaka arobaini na miwili, nilijiandikisha kidato cha kwanza katika shule ya jioni huko Old Kampala, nikaketi dawati moja na watoto waliolingana na mpwa wangu wa mwisho, na mwisho wa 2018 nikafanya mtihani. Cheti changu kimo ndani ya fremu sebuleni, na mgeni asipokitazama mwenyewe, ninamsogezea kiti kinachokielekea. Baada ya hapo kikundi kimoja cha maigizo kiliniomba niwapake vidonda waigizaji wao, na mwaka 2021 nikagundua kwamba mkono uliozoea kuficha chunusi unaweza pia kuumba jeraha. Kazi ni ile ile ya kuijua ngozi, ila unaelekea upande wa pili.

Mafundi wa kazi hii wana rangi ambazo hazina mafuta wala maji. Huja zikiwa vidonge vigumu ndani ya kibati chembamba, zimekauka kama udongo wa kiangazi. Ukizigusa kwa kidole, kidole kinabaki safi. Ukizidondoshea maji, maji yanateleza. Zinalainika kwa spiriti tu. Brashi ikilowa spiriti na kupita juu yake, rangi inaamka. Ukiipaka kwenye ngozi, spiriti inapaa na kuiacha rangi imeng'ang'ania, na kuanzia hapo jasho haliiwezi, wala mvua, wala mkono wa mtu. Kibati cha namna hiyo nilikuwa nacho tangu Agosti 2022, nilipokileta kutoka Nairobi. Nilikuwa nimekijaribu mara moja tu na kukihukumu kuwa kibovu, maana rangi ilikataa kukauka. Ilibaki ikinata na kung'aa kama midomo ya biharusi. Ndiyo sababu siku ile uwanjani nilitumia rangi za mafuta nilizozizoea.

Jumapili, baada ya ibada, nilikitoa kibati kabatini na kuiweka mezani ile chupa ya spiriti niliyokuwa nimeitumia, ya duka la dawa, ya kusafishia vidonda. Nikavaa miwani na kusoma maandishi yote ya kwenye lebo, hata yale madogo ya nyuma. Spiriti ile ilikuwa na maji ndani yake, na pamoja na maji kulikuwa na mafuta ya mbarika, yaliyowekwa ili ngozi ya mgonjwa isikauke. Nilicheka peke yangu. Mwalimu wetu wa kemia, kijana ambaye ningeweza kumzaa, aliwahi kutudondoshea spiriti juu ya viganja ili tuhisi baridi yake, akatueleza kwamba spiriti ikipaa huacha nyuma kila kilichokuwa kimechanganywa nayo. Nilikuwa nimeliandika hilo na kulipatia alama kwenye mtihani. Mafuta ya mbarika hayapai. Kibati changu kilikuwa kizima. Nilikuwa nimekilisha mafuta.

Kupata spiriti isiyo na kitu kingine ndani yake si jambo rahisi. Maduka ya dawa yaliniletea chupa ile ile kwa majina tofauti, na duka moja likanipa jeli ya kusafishia mikono iliyobaki tangu wakati wa korona. Nilikuwa karibu kukata tamaa nilipopeleka simu yangu kutengenezwa kwenye kibanda kimoja cha Old Kampala, chini ya kilima cha msikiti. Fundi aliifungua, akachukua kichupa, akadondosha matone mawili juu ya mitambo ya ndani na kuyasugua kwa mswaki. Matone yakatoweka nikiyatazama. Hayakuacha hata alama.

"Hiyo ni nini, mwanangu?"

"Ya kusafisha bodi, Mama. Haina maji. Ikiwa na maji simu inakufa."

"Niuzie."

Alinitazama kwa wasiwasi. "Mama, hii hainywewi."

"Nimekuuliza kama inanywewa?"

Aliniuzia chupa nzima, lakini alinisindikiza kwa macho hadi nilipovuka barabara, nafikiri akingoja aone kama nitaifungua.

Jumatatu ya tarehe 13, nikifua nguo uani, nilijipaka mkwaruzo kwenye mkono wangu mwenyewe na kuuacha ndani ya sabuni na jua. Nguo zikaisha, mkwaruzo ukabaki. Nilimpigia simu muuguzi nikamwomba awaite tena vijana, Jumamosi ya tarehe 18.

"Hawatakuja, dada," aliniambia. "Wamechoka na sisi."

"Waambie kutakuwa na soda. Na mwenyekiti mwambie nimemwomba mimi."

Mwenyekiti alikuja, na vijana walipomwona amekuja, wakaja.

Safari hii nilianza kazi asubuhi, ndani ya chumba cha watoto wa shule ya Jumapili, madirisha yote yakiwa wazi kwa sababu ya harufu ya spiriti. Kijana mmoja aliyechungulia na sigara mdomoni nilimfukuza hadi getini. Mkongo alilala juu ya mkeka, suruali ameikunja. Nilimsafisha paja, nikapaka utomvu wa mpira, nikatandika juu yake vipande vya karatasi laini, tabaka juu ya tabaka, nikaacha vikauke na kisha nikavichana katikati ili kingo za jeraha zinyanyuke kama ngozi iliyopasuka. Chini ya ukingo mmoja nilipitisha mpira mwembamba wa dripu. Muuguzi angekaa kando na mfuko wa damu ya bandia, ambayo safari hii haikuwa na sukari hata chembe, na angeubana damu itoke au auachie kulingana na atakachofanya mwanafunzi.

Kisha nikafungua kibati. Nilianza na wekundu mwepesi uliochanganywa na spiriti nyingi, ukapita juu ya ngozi kama kivuli. Nikauacha upae. Nikaweka zambarau ndani ya mpasuko, halafu nyekundu ya damu mbichi, halafu nyeusi kidogo pale penye kina, kila tabaka jembamba kuliko lililotangulia. Kosa la wanaoanza ni kupaka nene. Nilishika njano kwa ajili ya kuzunguka kingo, muuguzi akanizuia mkono.

"Hilo ni la leo au la wiki iliyopita?"

"La leo."

"Basi acha njano. Njano huja siku kadhaa baadaye."

Niliirudisha. Nikachovya mswaki katika rangi na kuzifyatua nywele zake kwa kidole, madoadoa yakatawanyika hadi kwenye goti kama inavyokuwa damu inaporuka. Sikuwa na picha ya kufuatia. Nilijua jeraha lilianzia wapi na lilikwenda hadi wapi, kutoka nje ya paja la kushoto, likishuka kwa mshazari kuelekea ndani, kwa sababu mimi mwenyewe niliuosha mguu wa marehemu, wakati shemeji zangu waliposema niwaachie wao.

Mkongo alijitazama, akarudisha kichwa mkekani. Kisha akasema, "Mama, hii miye siipende. Naona kama inaniuma."

"Haikuumi."

"Najua. Lakini mguu yenyewe haijui."

Tulimbeba hadi uwanjani na kumlaza juani. Vijana walikuwa wameketi kwenye ukuta na soda zao. Mmoja alianza kusema habari ya mkate, akaliona paja, akaiacha sentensi njiani. Muuguzi akaubana mfuko. Damu ikatoka chini ya ukingo wa jeraha, ikashuka, ikaanza kulowesha vumbi. Jua lilikuwa kali kuliko lile la tarehe 4, na Mkongo alikuwa akitoka jasho usoni na shingoni, lakini jeraha halikusogea.

"Nani ataanza?" aliuliza muuguzi.

Wote walimtazama mwenyekiti.

Alikuja polepole, akasimama ubavuni pa Mkongo. Alifanya kama alivyozoea: akainama, akampitishia mikono makwapani ili amnyanyue, akamwita kijana mmoja ashike miguu. Mkongo aliponyanyuliwa mgongo, muuguzi akaubana mfuko kwa nguvu zaidi, na damu ikaruka hadi kwenye viatu vya mwenyekiti. Akatazama chini. Akaliona jeraha kwa ukaribu, na mikono yake ikasimama.

Akamlaza tena, taratibu.

"Nyabo," aliniambia, bado ameinama. "Hii mguu mimi naijua."

"Ndiyo, Mzee. Unaijua."

Vijana hawakuelewa. Wengi wao mwaka 2014 walikuwa watoto. Yeye alibaki akilitazama, na nilimwacha alitazame. Nilikuwa nimesimama kwa heshima zangu, mikono mbele, kama ninavyosimama kanisani.

"Siku ile tulikimbia," alisema. "Hakuna mutu alikimbia kama sisi."

"Hakuna. Nilikushukuru, na hata leo ninakushukuru."

"Daktari alisema nini?"

Swali nililolingoja kwa zaidi ya miaka minane liliulizwa hivyo, uwanjani, huku Mkongo amelala katikati yetu na muuguzi ameshika mfuko. Ningeweza kulijibu kwa namna ambayo ingemwangusha, na ningeweza kulijibu kwa namna ambayo ingemwacha arudi kwenye pikipiki yake kama alivyokuja. Nilichagua kulijibu kama lilivyokuwa.

"Alisema mlimfikisha haraka sana. Na alisema njiani hakukuwa na mkono juu ya jeraha, kwa hiyo alifika damu imekwisha."

"Tungeshika, angepona?"

"Hilo daktari hakulisema, na mimi siwezi kulisema. Alisema angefika na damu zaidi."

Mwenyekiti alivua kofia yake na kuiweka kando. Akapiga magoti vumbini, goti moja kisha la pili, kwa uzito wa umri wake, akaweka viganja viwili juu ya paja la Mkongo na kuvilalia kwa mabega. Muuguzi, ambaye anajua kazi yake, hakuuachia mfuko mara moja. Aliendelea kuubana, damu ikapita katikati ya vidole.

"Haishiki," alisema mwenyekiti.

"Usitoe mkono kuangalia," muuguzi alimwambia. "Kandamiza. Nyoosha viwiko. Tumia uzito wako."

Akanyoosha viwiko. Mkongo akaguna, na safari hii hakuwa akiigiza. Muuguzi akaanza kuuachia mfuko kidogo kidogo, damu ikapungua, ikawa matone, ikakoma. Mwenyekiti alikaa vile vile, jasho likimdondoka kutoka kwenye pua hadi juu ya mikono yake, na nilipoona mabega yake yanaanza kutetemeka nilifikiri muuguzi atamwambia inatosha. Hakumwambia, na yeye hakuomba.

"Mzee," Mkongo alisema baada ya muda, kwa sauti ya chini, "miye nishapona. Lakini mguu inakufa ganzi."

Kijana mmoja akacheka, na wengine wakacheka naye, kicheko tofauti na kile cha jamu. Hata mwenyekiti alitabasamu bila kuinua uso. Kisha, mikono ikiwa bado mahali pake, akageuza kichwa na kuwasemesha vijana wake kwa Kiganda, ambacho nimekisikia tangu nihamie mji huu na ninakielewa kuliko wanavyodhani. Aliwaambia kwamba kuanzia siku hiyo, mtu asipandishwe kwenye pikipiki ya steji yake kabla ya mkono wa mtu kuwekwa penye damu, na kwamba mshikaji wa nyuma kazi yake si kumshika mgonjwa asianguke tu, ni kushika jeraha hadi mlangoni. Atakayesema anacheleweshwa, aletwe kwake.

"Sasa wewe," akamwambia yule wa mkate. "Kuja hapa."

Walipiga magoti mmoja mmoja. Wa mkate alikandamiza pembeni ya jeraha na damu ikamrukia shati. Mwenyekiti alimshika viganja na kuvisogeza mwenyewe. Mwingine alitoa mkono kuchungulia, akafokewa na wenzake wote kwa pamoja. Ilipofika zamu ya wa mwisho, jua lilikuwa limeanza kuinama, viganja vyote vile vilikuwa vimepita juu ya paja lile, na damu ya bandia ilikuwa imefutwa na kumwagwa tena na tena. Rangi yangu haikuwa imetoka popote. Kingo zilikuwa nyekundu vile vile, na weusi wa ndani ulikuwa pale pale nilipouweka asubuhi.

Wakati wa kuliondoa, nilimketisha Mkongo kwenye ngazi ya kanisa na kuanza kulisugua kwa mafuta maalumu, kwa pamba, polepole, maana rangi hii ukiikimbiza unaichubua ngozi ya mwenyewe. Mwenyekiti alikuwa akinawa mikono bombani. Alirudi, akaketi ngazi ya chini yangu, kofia mapajani. Nilimpa kipande cha pamba na chupa ya mafuta. Akachukua upande wa goti, mimi nikachukua wa juu, tukalifuta pamoja hadi likaisha.